Maandishi ya Mashine Yakifutika

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, lishe na chanjo za watoto. Mwezi huu tunaomba mtufuate mpaka mahali ambapo karibu kila jamaa ya parokia zetu hufika mara kwa mara, tena mara nyingi kwa miguu ya mtoto: kwenye mashine ya kusaga.

Tulipita kwenye mashine kadhaa hapa Songea mjini na vijijini, tukitazama jambo moja tu, yaani vibandiko vya kuonya. Mashine nyingi hutoka kiwandani zikiwa navyo: stika ya manjano karibu na mkanda, nyingine kwenye swichi, nyingine pale pa kumwagia nafaka. Kwenye mashine moja tulikuta pembetatu nyeusi, ndani yake hamna kitu. Tukamwuliza kijana anayeiendesha kwamba inasema nini. Akajibu kwa heshima, "Wazee wangu, mimi niliikuta hivyo hivyo." Tulipoifuta unga kwa kitambaa chenye maji, ilionekana kwa shida picha ya mkono uliobanwa kati ya mkanda na puli. Kijana yule alikuwa amefanya kazi hapo misimu miwili.

Kwa nini maandishi haya hayadumu? Jua huyapausha, na mara nyingi rangi nyekundu ndiyo hutangulia kupauka. Bahati mbaya ndiyo hiyo hiyo inayotumika kuandikia hatari kubwa zaidi. Dizeli na grisi hulainisha gundi, stika ikaanza kuinuka pembeni. Halafu mwenye mashine anataka ipendeze, anamwita fundi, naye anapitisha brashi ya rangi juu ya kila kitu, onyo likiwemo. Stika ya karatasi haifiki mbali. Ile ya plastiki ngumu, iliyofunikwa kwa utando mwangavu, hustahimili miaka. Na kibati kilichogongwa herufi na kupigwa ribiti hudumu kuliko zote.

Tena ipo shida ya lugha. Mashine nyingi zinatoka nje, zimeandikwa Kiingereza au Kichina. Basi tujifunze walau alama. Pembetatu ya manjano yenye ukingo mweusi ni onyo: kuna hatari hapa. Duara jekundu lililokatwa mstari ni katazo. Duara la buluu ni amri, mathalani vaa miwani au ziba masikio. Mraba wa kijani huonyesha msaada, kama vile sanduku la huduma ya kwanza au mlango wa kutokea. Ukiona neno Danger, maana yake usipoepuka utakufa au utaumia vibaya. Warning ni kwamba unaweza kufa au kuumia vibaya. Caution ni kwamba unaweza kupata jeraha dogo au la wastani.

Tunapenda kukaa kidogo juu ya umeme. Mwaka 2018 Songea iliunganishwa na gridi ya Taifa kwa njia ya umeme itokayo Makambako, na wenye mashine wengi wakaacha injini za dizeli. Ni jambo jema, moshi na kelele vimepungua. Lakini injini ya dizeli ikizimika haiwaki mpaka mtu aiwashe. Mota ya umeme sivyo. Umeme ukikatika inanyamaza, na mwendeshaji hufungua kifuniko ili atoe mahindi yaliyokwama. Kama aliiacha swichi imewashwa, umeme unaweza kurudi mkono ukiwa bado ndani, kati ya nyundo. Ziko stata zinazojitoa zenyewe umeme unapokatika, lakini swichi ya kawaida ya mkono haina akili hiyo. Hata baada ya kuzima, nyundo huendelea kuzunguka kwa muda. Kwa hiyo onyo la kwanza la kurudishwa kwenye mashine za siku hizi ni hili: ZIMA SWICHI KUBWA, NGOJA ISIMAME, NDIPO UFUNGUE.

La pili ni la wakati wa mavuno, mashine ya kupukuchua mahindi inapofungwa nyuma ya trekta. Shafti ile ya nyuma kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Ncha ya kanga au mkono wa shati ukinaswa, hakuna nafasi ya kuuchomoa. Kinga ya plastiki iliyo juu ya shafti ikivunjika hutupwa, na stika iliyokuwa juu yake hutupwa nayo. Kuandika onyo bila kurudisha kinga ni kazi bure. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inadai vyote, sehemu za hatari zizibwe na mfanyakazi afundishwe. Tukumbuke pia kwamba Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni wa mwajiriwa. Mtoto aliyetumwa kusaga hahesabiwi humo.

Kuandika upya si gharama kubwa. Osha mahali hapo kwa sabuni mpaka grisi iishe, acha pakauke, kwaruza kwa msasa, kisha paka rangi ya mafuta ya manjano. Ikikauka, andika kwa nyeusi. Herufi zikatwe kwanza kwenye filamu ya eksrei ya zamani, nazo zitanyooka. (Mafundi wa kuandika magari wanaujua ujanja huu.) Chora picha ya mkono pamoja na maneno, maana si wote wasomao.

Ajali ikitokea, zima mashine kwanza. Gandamiza jeraha kwa kitambaa safi na kuinua mkono juu. Usitie majivu, mafuta wala udongo. Kidole kikikatika, kisitupwe: kisuuze kwa maji safi, kifunge katika kitambaa safi chenye unyevu, kitie ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mfuko huo uuweke kwenye maji ya baridi. Barafu isikiguse kidole chenyewe. Kiende hospitali pamoja na mgonjwa, akapate na sindano ya pepopunda.

Yule kijana tulimwacha akitafuta brashi. Tulimwomba aandike onyo moja zaidi, nje ya mlango ambapo watoto hungoja zamu yao na ndoo, tena aliandike chini, usawa wa macho ya mtoto wa miaka saba: WATOTO WASIVUKE HAPA.