Pembesita na Sindano: Somo la Kushona Mfarishi kwa Mkono

Mwaka huu nawaletea somo la ufundi: mfarishi wa pembesita, yaani tandiko linalounganishwa kwa vipande vidogo vya nguo vyenye pembe sita. Wapo watakaosema, "Aa, hiyo ni kazi ya cherehani!" Ngoja kwanza. Kazi hii yataka sindano, uzi wa pamba, mkasi, subana ya kukinga kidole, na subira.

Kwa nini pembesita? Katika hesabu tunafunzwa kwamba kila pembe yake ina nyuzi 120. Pembe tatu zikikutana tunapata nyuzi 360, basi vipande hujaza nafasi bila kuacha tundu, kama sega la nyuki.

1. Kielelezo. Fungua bikari sm 3, uchore duara. Usiibadilishe, zunguka nayo kwenye duara ukitia alama. Utapata alama 6 barabara. Ziunganishe kwa rula, kisha ukate umbo hilo kwenye manila. Karatasi zote zikatwe kwa kielelezo hicho kimoja. Ukifuatisha nakala juu ya nakala, kosa dogo huzaa kubwa, na kazi yako itabonyea kama bakuli.

2. Bandi. Kata kitambaa ukiacha milimita 7 za ziada kila upande. Kunja ziada hiyo juu ya karatasi, upige bandi kuzunguka pande zote sita.

3. Kuunganisha. Weka vipande viwili uso kwa uso. Pitisha sindano juu ya kingo zote mbili, ukidaka nyuzi chache tu za kitambaa bila kuigusa karatasi. Mishono 5 au 6 kwa sentimita moja yatosha. Anza na kipande kimoja katikati, zungusha 6, kisha 12, kisha 18. Hilo ndilo ua. Kipande kikishazungukwa pande zote, fumua bandi na utoe karatasi; itatumika tena.

4. Kumalizia. Tandaza kitambaa cha chini, blanketi kuukuu katikati, na maua yako juu. Shona kupitia tabaka zote tatu, halafu upinde kingo.

Mfarishi wa mita 1 kwa mita 1.5 unahitaji vipande kama 640. Ukishona 4 kila jioni, siku 160 zatosha. Haba na haba hujaza kibaba.

Ufundi huu ulijulikana Uingereza tangu karne ya 18, lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Singapore. Wajapani walipouteka mji huo mwaka 1942, raia wengi walifungwa katika gereza la Changi, watoto wakiwemo. Humo, wasichana kama 20 wa Girl Guides walishona pembesita kwa siri, kwa vipande vya nguo zilizochakaa na nyuzi walizozifumua, wampe kiongozi wao, Elizabeth Ennis, zawadi ya siku ya kuzaliwa. Leo mfarishi huo umehifadhiwa Imperial War Museum, London. Kitambaa kizima hawakuwa nacho, ila pembesita hutoka hata kwenye mkono wa gauni bovu.

Mimi natumia leso za marehemu nyanya. Mji umechanika, pindo bado lina rangi. Mama alitaka kuzifanya matambara ya kupangusia, nikamsihi, "Mama, nipe mimi." Vipande vyenye herufi za jina la leso naviweka katikati ya maua. Sentensi nzima haisomeki tena, lakini sisi wa nyumbani twaijua kwa moyo.

Msamiati: mfarishi, pembesita, bikari, subana, piga bandi.

Zoezi
(a) Ua lenye mizunguko mitatu lina vipande vingapi?
(b) Muulize mzee wa kwenu ni nguo gani kuukuu asiyotaka itupwe, na kwa nini. Andika jibu lake kwa aya moja.