Muhula mmoja nje ya nchi: Chuo kichaguliwe kwa kipimo gani?

Tangu Chuo Kikuu cha Dodoma kianzishwe mwaka 2007 kwenye vilima vya Chimwaga, mji wetu huu wa zabibu na vumbi umegeuka kuwa mji wa wanafunzi. Chuo hicho kilipangwa kufikia wanafunzi 40,000. Ukiongeza St John's, Chuo cha Mipango na vingine, utaona kwa nini siku hizi nyumba ya kupanga Dodoma ni ya kugombania. Na pamoja na wanafunzi limekuja jambo ambalo wazazi wengi hatukulizoea: kijana anasoma mwaka wa pili au wa tatu hapa, anakwenda nje kusoma muhula mmoja tu, kisha anarudi kumalizia shahada yake hapa hapa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na wazazi wengi hunishika mkono baada ya swala ya Isha kuniuliza. Swali lao huwa ni moja: "Mwalimu, Malaysia na Uturuki, ipi bora?" Huwa nawajibu kuwa swali hilo limeanzia mwisho. Nchi haifundishi. Anayefundisha ni mwalimu, katika idara fulani, kwa kozi fulani.

Wazee wetu katika elimu walilijua hili. Imam Shafi'i alikulia Makka, penye wanavyuoni wa kutosha. Alipokwenda Madina alimfuata Imam Malik, na kabla ya kuondoka alikwisha kuihifadhi Muwatta, kitabu cha mwalimu anayemwendea. Yaani alijua anakwenda kwa nani, kusoma nini, na alijiandaa. Sisi tunanukuu sana ile hadithi ya kutafuta elimu hata China, ambayo Ibn al-Jawzi aliiweka miongoni mwa zile za kutungwa, lakini mwendo huu wa Shafi'i uliothibiti hatuuigi.

Basi kipimo cha kwanza ni kozi. Hapa ndipo pesa za wazazi zinapopotelea, kwa hiyo naomba niliseme kwa kirefu.

Muhula mmoja nje hauna maana kama masomo yaliyosomwa huko hayatahesabiwa huku. Chini ya utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: mhadhara, maktaba, zoezi na mtihani kwa pamoja. Mwaka mmoja ni krediti 120, kwa hiyo muhula ni kama 60. Malaysia krediti moja ni saa 40. Ulaya mwaka mzima ni krediti 60, yaani nusu ya hesabu yetu. Kijana akikuambia, "Baba, huko nitasoma krediti 15 tu," usimwite mvivu. Kama ni Malaysia, 15 mara 40 ni saa 600, nazo ni sawa na krediti zetu 60. Ni muhula kamili. Lakini kama ni Ulaya, 15 ni nusu ya muhula, na nusu iliyobaki itamsubiri Dodoma.

Hesabu hiyo ni nyepesi. Ngumu ni yaliyomo ndani ya kozi. Kijana mmoja wa mtaani kwetu Chang'ombe alikwenda nje muhula mmoja, akasoma masomo matano, akafaulu yote. Aliporudi, idara yake (chuo sikitaji) ikakubali mawili. Matatu yakaonekana hayalingani na kozi za lazima alizozikosa. Na kwa kuwa kozi hizo hufundishwa mara moja kwa mwaka, ikabidi asubiri wenzake wahitimu, yeye abaki. Baba yake alikuwa ameuza kiwanja Nala kwa ajili ya safari ile. Nani wa kulaumiwa? Kijana alikuwa na barua ya kukubaliwa kutoka kule. Hakuwa na barua kutoka huku inayosema kozi ipi itasimama mahali pa ipi.

Barua hiyo ndiyo roho ya jambo lote. Mwanafunzi achukue muhtasari wa kila kozi anayotaka kusoma nje, wenye mada, saa na namna ya mtihani, aupeleke kwa mkuu wa idara yake kabla ya kuomba nafasi. Wakubaliane kwa maandishi, isainiwe, ipigwe muhuri. Neno la mdomo la mhadhiri mwema halitoshi. Mhadhiri huyo naye anaweza kwenda kusoma kabla kijana hajarudi! Na huko nje kozi hubadilika wiki ya kwanza, basi apeleke orodha yenye kozi mbili za akiba.

Hapa pia tusichanganye mambo mawili. Anayekwenda kuchukua shahada nzima nje huihitaji TCU, kwanza apate cheti cha kutokuwa na pingamizi, na akirudi shahada yake itambuliwe. Anayekwenda muhula mmoja, shahada yake inabaki kuwa ya chuo chake cha nyumbani, na mwenye kauli ya kwanza ni chuo hicho. Mawakala wengi hawaielezi tofauti hii, kwa sababu wao hulipwa kwa kila kichwa kinachopanda ndege. Anayesoma kwa mkopo wa serikali naye aiulize Bodi ya Mikopo mapema, kwa barua, fedha zake za muhula ule zitakuwaje.

Kalenda nayo huleta matatizo. Mwaka wetu wa masomo kwa kawaida huanza Oktoba au Novemba. Vyuo vingi vya Ulaya huanza Septemba, na muhula wao wa pili huanza Februari, wakati huku mitihani ya muhula wa kwanza ama inafanyika au ndiyo imekwisha. Mwenye mafunzo kwa vitendo, hasa wa ualimu na uuguzi, apige hesabu mara mbili.

Sasa nije kwenye usalama. Kwa miaka mingi vijana wa Kiislamu wa Tanzania walikwenda Khartoum, katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, kilichopewa hadhi ya chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ada ilikuwa ndogo au haikuwepo, na mazingira ni ya dini. Tarehe 15 Aprili 2023, katika siku za mwisho za Ramadhani, vita vikaanza mjini humo. Watanzania, wengi wao wanafunzi, walitolewa kwa barabara hadi Ethiopia, wakapandishwa ndege ya serikali kurudi nyumbani. Mwaka mmoja kabla yake wenzao waliokuwa Ukraine waliyaona ya kwao. Na chuo kimoja cha udaktari cha Khartoum kikawaleta wanafunzi wake Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa Muhimbili, waendelee na mafunzo. Yaani wao wakaja kwetu!

Sisemi Khartoum ilichaguliwa vibaya. Nasema mzazi aulize: likitokea la kutokea, mtoto ana nini mkononi? Waliokuwa na nakala za matokeo ya kila muhula walikuwa na pa kuanzia. Karatasi zilizobaki katika ofisi ya chuo kilichofungwa na vita hazimsaidii mtu. Kwa hiyo kila muhula ukiisha, hati ya matokeo itolewe nakala, na moja itumwe nyumbani Dodoma.

Wazazi wengi wanaponiuliza hawaitaji Mbale, nami sijui kwa nini. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilifunguliwa mwaka 1988 kwa juhudi za Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, chini ya Mlima Elgon, na kinafundisha kwa Kiingereza. Kina kampasi ya wasichana Kabojja, Kampala. Unafika kwa basi. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza ukanda huu kuwa eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lililoko Kampala lina kazi ya kulinganisha masomo. Kwa muhula mmoja, na kwa mfuko wa mzazi wa Nkuhungu au Majengo, mimi ningeanza kuangalia huko kabla ya kutazama ndege. Najua Mbale haina picha nzuri ya kutuma kwenye simu.

Malaysia nayo ina Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu, kilichoanzishwa mwaka 1983, ambako sheria, uchumi na uhandisi husomwa pamoja na elimu ya dini, kwa Kiingereza. Madina na Azhar ni bahari, lakini si za muhula mmoja. Mlango wa huko ni Kiarabu, na Kiarabu hakijengwi kwa miezi minne. Anayezitaka aziombe kwa shahada nzima.

Kuhusu dini, uliza mambo ya kawaida: msikiti uko umbali gani na bweni, chakula cha halali kinapikwa wapi, mitihani hufanyika Ijumaa saa ngapi. Kaskazini mwa Ulaya majira ya joto Isha huingia karibu na usiku wa manane, na kijana ajue hilo kabla. Kwa binti, wapo masheikh watakaouliza kuhusu mahram, na wamehitilafiana. Muulize sheikh wako unayemwamini kabla ya kulipa nauli, si baada.

La mwisho ni viza. Balozi nyingi bado ziko Dar es Salaam. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme imeifanya safari hiyo kuwa ya saa nne hivi, lakini haijaharakisha majibu ya ubalozi. Mwenye nia ya kuondoka Septemba, barua ya idara iwe imesainiwa kabla ya Machi, na pasipoti iwe na muda wa kutosha kupita tarehe ya kurudi.