Moshi wa Lori la Majani Kabla Masika Hayajaingia

Februari inaishia, na vumbi la murram limeganda kwenye michai iliyo kando ya barabara za vijijini, kuanzia Cheborge hadi Merigi. Wiki chache zijazo mvua itaanza, chai itachipua kwa fujo, na kila lori la kubeba majani litatafutwa. Kwa hivyo mbolea na kupogoa vingoje toleo lijalo. Leo ni zamu ya lori la zamani la dizeli, lile linaloacha wingu nyuma yake kila likipanda mlima. Likizima njiani na mzigo, majani mabichi hupata joto ndani ya magunia na kuwa mekundu, na yakifika kiwandani hivyo hayapokewi.

Wenye malori wengi, wakiona moshi tu, hudhani injini imekwisha na oveholi itameza bonasi yote ya chai ya Oktoba. Mara nyingi si hivyo. Tazama kwanza rangi ya moshi, kisha uangalie unatoka wakati gani.

Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuiunguza. Kumbuka tulipo: mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kwa tano. Injini isiyo na tabo huvuta hewa hiyo hiyo nyepesi, huku pampu ikizidi kumwaga dizeli kama iko pwani. Ongeza hapo filta ya hewa iliyoshiba vumbi la Januari na Februari, na bomba la moshi litakuwa jeusi kama chungu.

Anza na filta, basi. Ifungue, uingize taa ndani yake, utazame kwa nje. Mwanga usipopenya, nunua nyingine. Ukiipuliza kwa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje, na kwa upepo wa kiasi. Wanaopuliza kutoka nje huzidi kulikandamiza vumbi ndani ya karatasi. Wengine huiosha kwa petroli! Karatasi hulegea, hutoboka, na vumbi huingia moja kwa moja kusaga pistoni na ringi. Kama lori lina tabo, kagua pia mipira ya kupitishia hewa. Mpasuko mdogo chini ya klipu hutosha kuiba nguvu na kuleta moshi.

Hapa ndipo kijana wa gereji hukwambia: “Mzee, tufungue pampu kidogo, itavuta.” Mkatalie. Kufungua pampu ni kuongeza dizeli mahali penye uhaba wa hewa. Lori litavuta kidogo, ni kweli, lakini moshi utazidi, mafuta yataisha upesi, na joto la ziada linaweza kuchoma pistoni. Kwa miinuko yetu pampu huenda ikahitaji kupunguzwa. Ipelekwe ikapimwe kwenye mashine, isikisiwe kwa bisibisi.

Filta ikiwa safi na moshi mweusi ubaki, shuku nozo. Nozo nzima hunyunyiza dizeli kama ukungu, iliyochoka hudondosha matone. Kwenye injini za zamani zenye pampu ya kawaida, fundi huacha injini ikinguruma polepole na kulegeza nati ya bomba la nozo moja moja. Akilegeza na mlio ubadilike, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Usipobadilika, amempata mgonjwa. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye miwani, na mkono usikaribie dizeli inayotoka kwa msukumo, maana hupenya ngozi.

Moshi mweupe saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Kericho ikiwa bado kali, usikutie hofu ukiisha injini inapopata moto. Usipoisha, tofautisha mvuke na dizeli mbichi. Mvuke hupotea haraka hewani. Dizeli isiyoungua huning'inia na kuwasha macho. Dizeli hiyo huashiria hita zilizokufa, taimingi iliyochelewa, nozo mbovu au mbano uliopungua. Maji kwenye mafuta nayo husumbua, hasa kwa anayeweka dizeli kwenye madramu: fungua koki ya chini ya filta ya dizeli kila asubuhi, yatoke. Mvuke usiokoma, pamoja na maji ya rejeta yanayopungua bila kuvuja nje, ni dalili ya gasketi ya silinda hedi. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi kabisa, washa, utazame kama mapovu yanapanda mfululizo. Injini ikiwa moto, kifuniko hicho usikiguse.

Moshi wa buluu ni oili. Kabla ya kuilaumu ringi, chomoa kijiti cha kupimia, kwani huenda taniboi alijaza kupita alama. Moshi huo ukitoka kidogo asubuhi tu kisha ukaisha, sili za valvu zimechoka na unaweza kuumaliza msimu. Ukitoka muda wote mlimani, na kifuniko cha kujazia oili kikipumua moshi, hapo oveholi haikwepeki, na ni heri ifanywe sasa kuliko Aprili.

Kuna jambo moja madereva hulipuuza. Majani ya chai hunyonya harufu upesi. Kagua maungio ya bomba la moshi chini ya bodi, kwani linalovuja hapo hupuliza masizi kwenye magunia safari nzima, na jerikani la dizeli lisipande kamwe pamoja na majani. Halafu msizidishe mzigo: majani yaliyolowa mvua huja na maji yake, kwa hivyo idadi ile ile ya magunia huwa nzito zaidi kuliko wakati wa kiangazi.

Na ukibadilishiwa nozo, mwambie fundi akurudishie zile za zamani mkononi, uzione.