Kamau Yupi? Namna ya Kuandika Nasaba Yenye Majina Yanayojirudia

Ukianza kuandika nasaba ya familia yako, yaani nani alimzaa nani, utakwama mapema sana kwenye majina. Utauliza habari za Kamau, nao wazee watakuuliza, "Kamau yupi?" Kuna Kamau babu, Kamau mjukuu, na Kamau mwingine wa nyumba ya pili. Usikate tamaa. Majina hayo hayakurudiwa ovyo, na ukiujua utaratibu wake yatakuonyesha njia.

Tuwachukue Wagikuyu wa Kenya, ambao utaratibu wao uko wazi. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba ya baba yake. Wa pili, la baba ya mama yake. Binti wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, wa pili la mama ya mama. Wanaofuata huitwa majina ya ndugu za wazazi. Basi ndugu wanne wa kiume wakioa na kila mmoja akapata mwana, mzee mmoja atakuwa na wajukuu wanne wenye jina lake, pengine wote wakisoma shule moja.

Familia ya Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Kenya, inaonyesha jambo hili vizuri. Baba yake aliitwa Muigai, mama yake Wambui. Mwana wa kwanza wa Kenyatta, aliyezaliwa na mkewe Grace Wahu mwaka 1920, ni Peter Muigai. Binti yao wa mwaka 1928 ni Margaret Wambui. Mwaka 1961 mkewe mwingine, Mama Ngina, alimzaa Uhuru Muigai. Akina Muigai wawili, baba mmoja, wamepishana miaka 41, na hakuna aliyekosea: kila nyumba, yaani mke na watoto wake, huanza hesabu upya. Ndugu yake Uhuru, Muhoho, ana jina la Chifu Muhoho, baba yake Mama Ngina. Uhuru naye akawaita watoto wake Jomo na Ngina.

Kwa hiyo uandike nini? Usiandike jina peke yake hata mara moja. Kwa kila mtu weka jina lake, la baba, la mama na kijiji alichokaa. Jina la mama ndilo watu husahau, nalo ndilo linalowatenganisha akina Muigai wawili wa baba mmoja. Halafu mpe kila mtu namba yake, ambayo hutaibadilisha hata ukigundua baadaye kwamba ana jina jingine. Daftari la shule na kalamu ya risasi vinatosha, maana utafuta mara nyingi.

Pwani, neno "bin" husaidia kazi hiyo hiyo. Zanzibar ilikuwa na masultani wawili walioitwa Khalifa: Khalifa bin Said, aliyetawala kuanzia 1888 hadi 1890, na Khalifa bin Harub, kuanzia 1911 hadi 1960. Ukiacha jina la baba, umewachanganya. Lakini mtu akiwa na jina la babu yake, kama Ali bin Salim bin Ali, endelea kupanda hadi ufikie jina linalotofautiana.

Je, kama hakuna anayejua mwaka wa kuzaliwa? Usiulize mwaka; uliza tukio. Alikuwa ameoa Hali ya Hatari ilipotangazwa Kenya mwaka 1952? Alikuwa anatembea uhuru ulipopatikana 1963? Kwa wazee wa Kigikuyu uliza riika, yaani rika la waliotahiriwa pamoja, kwa sababu marika yalipewa majina ya matukio ya wakati huo. Majibu mawili ya namna hiyo yanatosha kumtenga babu na mjukuu.

Sikiliza pia watu wanavyoitana. Shangazi akimwita kijana mdogo "baba", si utani: huenda kijana huyo amebeba jina la baba yake shangazi. Mimi naiona hiyo kuwa dalili nzuri kuliko karatasi nyingi.

Hata hivyo, utaratibu ni dalili, si ushahidi. Mtoto akifa mchanga, jina huweza kupewa anayemfuata. Mama asiyeolewa huwaita watoto wake majina ya wazazi wake mwenyewe, kwa hiyo ukikuta mwana wa kwanza ana jina la upande wa mama, uliza taratibu, faraghani, na ukubali kunyimwa jibu. Mtu mmoja pia huweza kuwa na majina kadhaa: Jomo Kenyatta mwenyewe alizaliwa Kamau, akabatizwa Johnstone mwaka 1914. Ukikuta majina mawili yenye mke mmoja na shamba moja, jiulize kama si mtu yule yule.

Baada ya wazee, nenda kwenye maandishi. Anza na kanisa la zamani la eneo lenu. Daftari la ubatizo mara nyingi huwa na jina la asili, la ubatizo na majina ya wazazi pamoja. Beba barua fupi ya kujitambulisha. Hati za shamba husaidia sana kujua nani alimrithi nani. Vyeti vya kuzaliwa na vya kifo huombwa kwa ofisi ya usajili wa raia, Kenya kupitia tovuti ya eCitizen, Tanzania Bara kupitia wakala wa usajili, RITA. Thibitisha ada kabla ya kulipa. Waliozaliwa kabla ya uhuru wengi hawana cheti, kwa hiyo usipoteze nauli kukitafuta kwanza. Nyaraka za Taifa za Kenya ziko Moi Avenue, Nairobi. Zanzibar, nyaraka ziko Kilimani.

Ukitaka kuhifadhi kazi yako kwenye mtandao, tovuti ya FamilySearch haitozi chochote isipokuwa bando lako, na taarifa za watu walio hai hazionyeshwi kwa umma. Lakini piga nakala ya daftari pia, umwachie ndugu anayeishi nyumba nyingine. Na kabla ya kuandika jina la mtu aliye hai popote, muombe ruhusa.