MTI USIKATWE KABLA YA KUPIMA
Somo la kufunga na kuelekeza dishi la televisheni katika eneo la Meru

Madhumuni ya somo

Matangazo ya televisheni yalianza Tanzania Bara mwaka 1994. Mitambo ya analojia ilizimwa mjini Arusha mwaka 2013, na tangu hapo picha hupatikana kwa king'amuzi, ama kwa antena ama kwa dishi. Pamoja na dishi yamekuja maneno mengi yasiyo na ushahidi. Mwanachama mmoja huambiwa kwamba Mlima Meru unazuia mawimbi. Mwingine huambiwa akate mgrevilea unaotia kivuli kahawa yake. Wa tatu humlipa fundi mara mbili kwa kazi ile ile. Somo hili limekusudiwa kuwawezesha wanachama kupima wenyewe, kwa fimbo na tepu, kabla ya kutoa fedha au kuinua shoka.

1. Setilaiti iko wapi?

Setilaiti za televisheni zimewekwa juu ya mstari wa Ikweta, kimo cha kilomita 36,000 hivi. Kwa kuwa huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha, mtu aliye chini huziona kama zimesimama mahali pamoja. Ndiyo sababu dishi likishaelekezwa sawasawa halihitaji kugeuzwa tena.

Kila setilaiti hutajwa kwa digrii za longitudo. Azam TV hutumia setilaiti iliyo digrii 7 Mashariki, na DStv hutumia iliyo digrii 36 Mashariki. Mji wa Arusha uko karibu na digrii 37 Mashariki, na digrii tatu na kitu kusini ya Ikweta. Kutokana na hesabu hiyo, setilaiti ya digrii 36 iko karibu utosini, kwenye mwinuko wa digrii 86. Ile ya digrii 7 iko magharibi, ikielekea kaskazini kidogo (digrii 276 za dira), kwenye mwinuko wa digrii 55. Mwinuko maana yake ni pembe kutoka usawa wa ardhi kwenda juu. Kabla ya kupima, mwanachama amwulize wakala wa king'amuzi chake ni setilaiti ipi inayotumika.

2. Mlima hauzuii dishi

Antena ya kawaida hupokea mawimbi kutoka mnara uliosimama ardhini. Hivyo mlima ukiwa kati ya mnara na nyumba huweza kuyazuia kweli. Dishi halitazami mnara, bali hutazama juu. Mlima Meru una kimo cha zaidi ya mita 4,500, lakini kwa mtu aliye mjini Arusha kilele chake hakifiki mwinuko wa digrii 20. Ndivyo ilivyo hata kwa mkazi wa Ngarenanyuki, ambaye mlima uko upande wake wa magharibi. Mstari wa kwenda kwenye setilaiti ya digrii 55 hupita juu sana ya kilele. Kwa hiyo, anayeambiwa kwamba dishi lake halipati picha kwa sababu ya mlima hana budi kutafuta sababu nyingine.

Sababu hiyo aghalabu iko karibu: paa la jirani, mgomba au mti.

3. Kupima kwa fimbo

Fimbo ya urefu wa mita 1 isimamishwe wima mahali dishi linapotakiwa kufungwa. Kutoka shina la fimbo, ipimwe sentimita 70 kwenda mashariki, ikiegemea kusini kidogo, na mahali hapo patiwe alama. Mpimaji alaze kichwa ardhini penye alama, kisha atazame ncha ya fimbo. Mstari wa jicho lake unaopita kwenye ncha ndio unaokwenda kwenye setilaiti ya digrii 7. Akiona mbingu tupu, mahali hapo panafaa. Akiona majani, asogeze fimbo hatua chache na kupima upya. Kwa setilaiti ya digrii 36 alama iwe sentimita 7 tu kusini ya fimbo, maana mpimaji atatazama juu kabisa.

Kutokana na kipimo hicho hupatikana kanuni ya saba kwa kumi. Kitu kilicho upande wa magharibi, kinacholizidi dishi kwa mita 10, hakizuii iwapo kiko mbali zaidi ya mita 7. Mgomba unaolizidi dishi kwa mita 4 hauna madhara ukiwa mbali zaidi ya mita 2 na sentimita 80. Yafaa kuongeza nafasi kidogo, kwa kuwa mti hukua na matawi hupeperushwa na upepo. Miti iliyo kusini au mashariki ya dishi hili haina hatia yoyote. Katika mashamba ya Akheri, Nkoaranga na Poli, ambako kahawa na migomba hupandwa pamoja, kusogeza nguzo hatua tatu ni nafuu kuliko kupoteza mti wa kivuli.

Jua nalo huthibitisha kipimo. Karibu na tarehe 21 Machi na 22 Septemba, yapata saa tisa alasiri, jua hupita nyuma ya setilaiti ya digrii 7. Wakati huo dishi lililo juani halina kizuizi. Siku hizo picha huweza kukatika kwa dakika chache. Huo si ubovu, wala fundi asiitwe.

4. Kufunga na kuelekeza

Nguzo ya chuma isimikwe kwa zege na kupimwa kwa timazi au pimamaji. Nguzo iliyopinda huharibu vipimo vyote vinavyofuata. Kosa la digrii moja tu hapa chini huwa zaidi ya kilomita 600 kule iliko setilaiti.

Dishi dogo lisihukumiwe kwa macho. LNB yake imewekwa upande wa chini, na kwa sababu hiyo dishi hutazama juu kuliko uso wake unavyoonyesha, kwa digrii 20 hadi 25. Dishi linalotazama mwinuko wa digrii 55 huonekana kama linatazama digrii 30 hivi.

Mwinuko ukishawekwa, dishi ligeuzwe polepole kushoto na kulia, huku mtu wa pili akisoma vipimo kwenye televisheni. Vipimo ni viwili: nguvu na ubora. Nguvu ikiwa kubwa na ubora ukiwa sifuri, huenda dishi limenasa setilaiti nyingine. Ubora ndio wa kufuatwa. Mwishowe LNB izungushwe kidogo kidogo katika kishikio chake mpaka ubora ufikie kilele. Kisha nati zikazwe kwa zamu, na maungio ya waya yafunikwe maji yasiingie. Ubora uwe na akiba, kwa kuwa mvua kubwa ya masika hupunguza mawimbi. Kazi hii isifanywe wakati wa radi wala karibu na nyaya za umeme.

5. Wajibu wa chama cha msingi

Kipima mawimbi hutumika kwa saa moja katika nyumba moja, kisha hukaa bure. Chombo cha namna hiyo chafaa kumilikiwa kwa pamoja. Chama kinaweza kununua kimoja kwa idhini ya mkutano, kukiandika katika daftari la mali, na kuwafundisha wanachama wawili kukitumia. Fundi wa nje akiitwa, malipo ya mwisho yatolewe baada ya mwanachama kuonyeshwa kipimo cha ubora.

Maswali ya majadiliano

1. Mti ulio magharibi unalizidi dishi kwa mita 8, nao uko umbali wa mita 6. Je, unazuia setilaiti ya digrii 7?
2. Kwa nini mlima huweza kuzuia antena lakini hauzuii dishi?
3. Katika kijiji chenu, ni miti mingapi iliyokatwa kwa ajili ya dishi bila kupimwa?
4. Nani katika chama chenu atatunza kipima mawimbi, na kwa masharti gani?