Namba na Jina Lake: Kufafanua Konstanti za Itifaki ya Vifaa vya Hifadhi kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna namba zisizobadilika, ziitwazo konstanti, zinavyofafanuliwa katika kiini cha mfumo endeshi ili kompyuta iweze kuwasiliana na vifaa vya hifadhi kama vile flashi na diski. Hoja kuu ni kwamba konstanti ina sehemu mbili zenye hadhi tofauti. Ya kwanza ni namba, ambayo ni makubaliano ya mashine na haibadiliki. Ya pili ni jina, ambalo ni la binadamu na linaweza kuundwa kwa Kiswahili bila kuathiri utendaji. Mifano ya matumizi inatokana na mazingira ya Mwanjelwa, jijini Mbeya. Makala yanahitimisha kwamba jina zuri hutokana na kuielewa kazi ya namba, wala halitokani na kutafsiri neno kwa neno.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na kompyuta umejikita zaidi katika maneno yanayoonekana kwenye kioo. Mnamo Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hatua hiyo ilithibitisha kwamba mtumiaji anaweza kuandika barua na kupiga hesabu kwenye kompyuta kwa lugha yake. Hata hivyo, chini ya menyu kuna tabaka jingine ambalo mtumiaji halioni. Tabaka hilo ni kiini, yaani sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia vifaa vyote vya mashine.

Suala la tabaka hili lina uzito kwa wanafunzi. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali Mbeya hufundishwa kwa Kiswahili, kisha hupokewa na Kiingereza katika shule ya sekondari. Akifika chuoni, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, hukuta programu ya kiini imejaa majina kama INQUIRY na NO_SENSE, ambayo hata mzawa wa Kiingereza asiye fundi hawezi kuyaelewa. Swali linalojitokeza ni hili: mwanafunzi huyo anashindwa na somo, au anashindwa na majina ya somo?

2.0 Dhana ya Konstanti

Konstanti ni namba iliyopewa jina na kukubaliwa kwamba haitabadilika. Dhana hii si ngeni kwa jamii. Katika soko la Mwanjelwa mchele na viazi hupimwa kwa sado, debe na gunia. Mnunuzi anapotaja debe hahitaji kueleza ukubwa wake, kwa kuwa muuzaji naye analijua. Neno ni fupi, lakini limebeba makubaliano. Makubaliano yakivunjwa ndipo ugomvi huzuka, kama inavyotokea kwa lumbesa: jina linabaki gunia, kipimo kinakuwa kingine, na hasara humwangukia mkulima.

Katika lugha ya programu iitwayo C, ambayo ndiyo lugha kuu ya kiini cha Linux, makubaliano hayo huandikwa kwa mstari mmoja:

#define READ_10 0x28

Alama 0x huonyesha kwamba namba inayofuata imeandikwa kwa heksadesimali, yaani mfumo wa namba wenye msingi wa kumi na sita. Kuanzia hapo, kila mahali panapotajwa jina READ_10, kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi kuwa maagizo ya mashine, huweka 0x28. Kanuni muhimu ni kwamba ufafanuzi hufanywa mara moja, mahali pamoja. Mwandishi wa programu akitawanya namba tupu katika mafaili ishirini, msomaji wa baadaye hatajua ni ipi iliyo amri ya kusoma na ipi iliyo idadi ya kawaida.

3.0 Mazungumzo ya Kiini na Flashi

Ili kuona kazi ya konstanti, na ichukuliwe hali ya mwanafunzi anayepeleka ripoti yake katika duka la steshenari Mwanjelwa ili ichapwe. Flashi inapochomekwa, mazungumzo yafuatayo hufanyika kabla faili lolote halijaonekana.

Kwanza, flashi hutangaza aina yake kwa namba tatu. Namba 0x08 ina maana kwamba ni kifaa cha hifadhi, 0x06 kwamba kinapokea amri za familia ya SCSI, na 0x50 kwamba kinafuata utaratibu wa usafirishaji uliowekwa na waraka wa mwaka 1999. Waraka huo wenyewe umebeba tarehe ya 31 Septemba, siku isiyokuwamo katika kalenda. Kosa hilo la tarehe halikumdhuru mtu. Kosa la aina hiyo katika namba za itifaki lingevifanya vifaa visielewane.

Pili, kiini hutuma bahasha ya baiti 31. Bahasha hiyo hufunguliwa kwa muhuri 0x43425355. Kwa kuwa baiti ndogo hutangulia katika bahasha hii, muhuri husafiri kama 55, 53, 42 na 43, ambazo katika jedwali la herufi ni U, S, B na C. Ndani ya bahasha mna amri yenyewe. Amri ya mwanzo ni 0x12, inayoitaka flashi itaje jina la mtengenezaji wake na la bidhaa. Kila amri ikikamilika, flashi hurudisha bahasha ya baiti 13 yenye muhuri wake na hali ya mwisho: 0 ikiwa amri imetekelezwa, 1 ikiwa imeshindikana, na 2 ikiwa mazungumzo yenyewe yamevurugika.

Tatu, kiini huuliza kama kifaa kiko tayari kwa amri 0x00, kisha huuliza ujazo wake kwa amri 0x25. Jibu la swali la ujazo linahitaji uangalifu. Flashi haitaji idadi ya bloku. Hutaja namba ya bloku ya mwisho, na kuhesabu huanzia sifuri. Ikijibu 15,633,407, na kila bloku ikiwa na baiti 512, basi bloku ni 15,633,408 na ujazo ni baiti 8,004,304,896. Anayesahau kuongeza moja hupoteza bloku ya mwisho. Baada ya hapo ndipo amri ya kusoma, 0x28, inapoanza kutumika na ripoti kufunguka.

4.0 Namba Ina Sarufi Yake

Msomaji anaweza kudhani kwamba namba hizi zilichaguliwa kiholela. Sivyo. Amri ya SCSI huanza na baiti moja yenye biti nane, na biti tatu za juu hutaja kundi la amri. Kundi la sifuri, lenye 0x12, huwa na amri za baiti 6. Kundi la kwanza, lenye 0x28, huwa na amri za baiti 10. Kundi la nne, lenye 0x88, huwa na amri za baiti 16. Kwa hiyo kifaa kikisoma baiti ya kwanza tu hufahamu urefu wa amri nzima.

Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili ataitambua tabia hii. Kiambishi ki- katika neno kitabu humwandaa msikilizaji kupokea kimeanguka, changu na kile. Hali kadhalika, biti tatu za juu ni kiambishi cha ngeli cha amri: hutabiri umbo la yote yatakayofuata.

Urefu huo una athari za kweli. Amri 0x28 hutenga biti 32 kwa ajili ya namba ya bloku. Kwa bloku za baiti 512, mwisho wake ni baiti 2,199,023,255,552. Diski iliyo kubwa zaidi ya hapo haiwezi kusomwa yote kwa amri hiyo, na ndiyo sababu kiini hutumia 0x88, yenye biti 64 za namba ya bloku. Amri ya zamani haikubadilishwa ili kuipanua. Iliongezwa mpya kando yake. Kiwango cha kwanza cha SCSI kilitolewa Marekani mwaka 1986, na namba zake za msingi bado zinatumika, kwa kuwa vifaa vilivyokwisha kutengenezwa haviwezi kufundishwa upya.

Aidha, namba moja huweza kuwa na maana nyingi. Namba 0x08 ni aina ya kifaa cha hifadhi katika tangazo la USB, ni amri ya kusoma ya baiti 6 katika SCSI, na pia ni hali ya kifaa kuwa na shughuli. Namba 0x03 ni amri ya kuomba maelezo ya hitilafu, na ni jina la hitilafu ya hifadhi yenyewe kuharibika. Mashine hutofautisha maana hizi kwa mahali namba inapokaa. Binadamu hana msaada huo isipokuwa jina.

5.0 Kuunda Majina ya Kiswahili

Kompaila hulitupa jina mara tu inapoweka namba yake. Flashi haijui kamwe kama mwandishi aliandika READ_10 au jina jingine. Hivyo basi hakuna kizuizi cha kiufundi kinachomzuia mwalimu kufundisha kwa majina ya Kiswahili. Kizuizi ni cha kiisimu: jina gani lifae?

Tafsiri ya neno kwa neno hupotosha. NO_SENSE ikitafsiriwa kuwa HAKUNA_MAANA, mwanafunzi atadhani kifaa kimejibu upuuzi, ilhali maana yake ni kwamba kifaa hakina hitilafu ya kueleza. READ_10 ikiwa SOMA_10 itaonekana kuagiza kusomwa kwa bloku kumi, ilhali kumi ni urefu wa amri kwa baiti.

Kiswahili kina nyenzo bora zaidi ikiwa kitaachwa kifuate maumbile yake. Inapendekezwa kwamba amri ziundwe kwa kitenzi cha kuamuru, na hali ziundwe kwa nomino au kwa kauli yenye upatanisho wa kifaa:

#define JITAMBULISHE 0x12
#define PIMA_UTAYARI 0x00
#define ELEZA_HITILAFU 0x03
#define TAJA_UJAZO 0x25
#define SOMA_UREFU10 0x28

#define HAKUNA_HITILAFU 0x00
#define HAKIKO_TAYARI 0x02
#define HIFADHI_IMEHARIBIKA 0x03
#define OMBI_BATILI 0x05

Utaratibu huu una faida iliyo wazi. Anayeandika ELEZA_HITILAFU mahali panapotakiwa HIFADHI_IMEHARIBIKA atalishtukia kosa lake kwa sikio, ingawa zote mbili ni 0x03 na kompaila isingelalamika. Sarufi ya lugha inafanya kazi ya ulinzi. Jina JITAMBULISHE, lenye kirejeshi -ji-, hueleza kazi ya amri kwa usahihi kuliko jina la asili, ambalo husema tu kwamba kuna ulizo.

Ifahamike kwamba pendekezo hili linahusu ufundishaji. Kiini cha Linux huandikwa na watu wa mataifa mengi, na majina yake ya pamoja yatabaki kama yalivyo. Mwanafunzi aliyeelewa kwa Kiswahili ataweza kuyasoma majina hayo baadaye kama anavyosoma majina ya kigeni ya dawa ambayo kazi yake anaijua.

6.0 Mipaka ya Konstanti

Konstanti huhakikisha kuelewana; haihakikishi ukweli. Katika masoko mengi duniani huuzwa flashi ambazo programu yake ya ndani imebadilishwa ili ijibu swali 0x25 kwa ujazo mkubwa kuliko uliopo. Kiini huuliza kwa namba sahihi na hujibiwa kwa umbo sahihi, kwa hiyo hakioni kasoro. Faili huandikwa, jina lake huonekana, lakini yaliyopita ukomo halisi hupotea au hufuta yaliyotangulia. Mwanafunzi huligundua hilo siku anapoitaka ripoti yake.

Hii ndiyo lumbesa iliyogeuzwa: gunia limetajwa kuwa kubwa kuliko lilivyo. Dawa yake haimo katika itifaki. Ni kuijaza flashi mpya yote, kuisoma tena yote na kulinganisha, kama mnunuzi anayemimina debe la mchele upya mbele ya muuzaji.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kufafanua konstanti za itifaki ni kazi yenye pande mbili. Upande wa namba hauna hiari: 0x28 itabaki 0x28 Mwanjelwa, Nairobi na Tokyo. Upande wa jina una hiari, na hiari hiyo inahitaji wataalamu wa lugha wanaokaa meza moja na wahandisi. Istilahi iliyoundwa bila kuijua kazi ya namba humtwisha mwanafunzi mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Istilahi iliyoundwa kwa kuijua humwonyesha kwamba lugha aliyojifunzia kuhesabu inatosha pia kumfikisha ndani ya kiini cha mashine.