Usimwachie Mtu Kibodi Yako

Wadogo zangu, likizo ya katikati ya mwaka hiyo imefika, na wapo kati yenu waliojiandikisha kwenye mafunzo mafupi ya kuandika programu za kompyuta. Wengine mnasitasita: "Dada, hata kuwasha kompyuta nabahatisha, si nitachekwa?" Nenda, mdogo wangu. Mafunzo haya yamewekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Mwaka 2014, mjini Berlin, wanawake wawili kutoka Poland, Ola Sitarska na Ola Sendecka, waliandaa warsha ya bure kwa wanawake ambao hawakuwahi kuandika programu, wakaiita Django Girls. Tangu hapo warsha hizo zimesambaa nchi nyingi, hata huku kwetu Afrika Mashariki.

Ninachowasihi ni kimoja: kibodi ibaki mikononi mwako. Kukwama utakwama. Utasahau kufunga mabano au kuweka nukta pacha mwishoni mwa mstari, na skrini itajaa maandishi mekundu. Hapo jirani anayejua kidogo, tena kwa nia njema kabisa, atavuta kompyuta upande wake, atabonyezabonyeza, kisha atasema, "Tayari." Programu imekubali, lakini wewe hujaambulia kitu. Mwambie kwa upole, "Kaka, nielekeze tu, nitaandika mwenyewe." Walimu wazuri wa kazi hii wana mwiko huohuo: hawagusi kibodi ya mwanafunzi.

Maandishi mekundu yasikutishe. Anza na mstari wake wa mwisho, maana ndio unaotaja aina ya kosa. Panda juu kidogo, utaona namba ya mstari uliokorofisha. Ukiukagua usione kitu, tazama na ule uliotangulia.

Kuna kisa karibu kila anayeanza Python, lugha ya kuandikia programu, hukutana nacho. Unaandika programu ya kumwomba mtu namba mbili na kuzijumlisha. Anaingiza 2, kisha 3, na jibu linatoka 23! Kompyuta haijaharibika. Python hupokea kila kinachoingizwa hivyo kama maandishi, na maandishi mawili ukiyajumlisha yanaungwa tu, moja nyuma ya jingine. Lazima uiagize kwanza iyageuze kuwa namba. Hapo tulia, hata kama wenzako wameshafika ukurasa wa mbele. Badilisha, jaribu tena, muulize mwalimu hata mara tatu. Afadhali umalize wiki ukiwa umeelewa hilo moja kuliko kurudi na faili kumi za kunakili.

Mafunzo yakiisha na nyumbani hamna kompyuta, zipo app za Python za simu za Android. Ukishapakua, unaweza kufanya mazoezi hata bando likikatika. Tafuta kazi ya kweli ya kuiandikia programu. Kikoba cha mama, kwa mfano: nani kaleta hisa, nani bado anadaiwa mkopo, jumla iliyopo ni kiasi gani. Mwombe akuonyeshe hesabu za mwezi mmoja tu kwenye daftari, uanzie hapo.